Shajara ya mradi: ramani ya maeneo yaliyopotezwa na Ujerumani kwa Mkataba wa Versailles

Wiki ya 1: maana ya "kupotezwa"

Kazi ni kutengeneza ramani moja ya kidijitali, maandishi yote kwa Kiswahili, inayoonyesha kila kipande cha ardhi ambacho Ujerumani ilikipoteza kwa Mkataba wa Versailles. Mkataba ulitiwa saini 28 Juni 1919 na kuanza kutumika 10 Januari 1920. Ulaya na makoloni yanakaa kwenye ramani hiyohiyo, kwa skeli moja. Programu ni QGIS, ya kuchora na kupima ramani, na data zote zimo katika faili moja la GeoPackage, muundo wa kuhifadhi data za ramani.

Kabla ya kuchora mstari hata mmoja, ilibidi tukubaliane neno "kupotezwa" lina maana gani, kwa sababu mkataba haukuchukua ardhi kwa njia moja. Alsace-Lorraine ilirudi Ufaransa moja kwa moja. Jimbo la Posen, karibu lote, na sehemu kubwa ya Prussia Magharibi vilikwenda Polandi bila kura. Schleswig, Silesia ya Juu, Allenstein na Marienwerder ziliachiwa wananchi wapige kura ya maoni. Danzig (leo Gdańsk) na Memel (leo Klaipėda) hazikupewa nchi yoyote hapo mwanzo: Ujerumani iliziachia Mataifa Makuu ya upande ulioshinda. Danzig ikawa mji huru chini ya ulinzi wa Shirikisho la Mataifa (lililotangulia Umoja wa Mataifa) tarehe 15 Novemba 1920, na Memel ikakaa chini ya utawala wa Wafaransa hadi Lithuania ilipoiingia kwa nguvu Januari 1923.

Makoloni yote, ukiacha Kiautschou ya China yenye ibara yake, yaliachiwa Mataifa Makuu kwa ibara ya 119, kwa namna ileile ya Danzig na Memel. Kwa hiyo kuandika kwamba Ujerumani iliikabidhi Uingereza nchi ya Tanganyika ni kosa, tena ni kosa linalorudiwa sana. Ujerumani ilijivua haki zake mbele ya Mataifa Makuu, na hao ndio waliogawana baadaye. Hatua ni mbili, na kwenye jedwali lazima ziwe rekodi mbili.

Saar imeleta mjadala. Ufaransa ilipewa migodi ya makaa ya mawe, utawala ukawa wa Shirikisho la Mataifa kwa miaka 15, na kura ya 13 Januari 1935 ikairudisha Ujerumani kwa zaidi ya asilimia 90. Mamlaka juu ya ardhi yenyewe hayakuhamishwa. Tumeamua ichorwe kwa mistari ya mshazari, isipakwe rangi, na isiingie katika jumla ya kilomita za mraba.

Wiki ya 2: hesabu ya kuanzia

Jedwali la Ulaya limejazwa kwa kilomita za mraba. Posen 26,042. Prussia Magharibi 15,865. Alsace-Lorraine 14,522. Schleswig ya Kaskazini kama 3,990. Silesia ya Juu, sehemu iliyokwenda Polandi, kama 3,210. Memel 2,657. Danzig kama 1,910. Eupen na Malmedy 1,036. Vilivyobaki ni vipande vidogo: ukingo wa Silesia ya Chini, eneo la Soldau (leo Działdowo) na eneo la Hlučín lililokwenda Chekoslovakia, ambavyo vyote pamoja ni kama 1,300 tu.

Jumla inafika takriban 70,600, yaani asilimia 13 ya ardhi ya Ujerumani ya Ulaya, iliyokuwa kama 541,000. Namba hii ndiyo mizani yetu: poligoni zote za Ulaya (maumbo yaliyofungwa yanayoonyesha maeneo) zikishachorwa, jumla yake ikipishana na 70,600 kwa zaidi ya asilimia 1, kuna mahali mstari umekosewa.

Makoloni yalikuwa karibu milioni 3. Afrika ya Mashariki ya Kijerumani peke yake ilikuwa kama 995,000, yaani mara 14 ya yote yaliyopotezwa Ulaya. Hapo pana mtego wa maji. Ukijumlisha Rwanda na Burundi za leo (kama 54,000) na Tanzania Bara pamoja na sehemu zake za maziwa (kama 942,000), unapita 995,000. Ukitoa maji, unabaki chini yake kwa makumi ya maelfu, maana maji ya ndani ya Tanzania ni takriban 60,000. Kwa hiyo safu ya "eneo_km2" sasa ina mwenzake, "maji_yamo", yenye jibu la ndiyo au hapana. Bila hiyo, mtu atakayehakiki kazi ataona kosa mahali pasipo na kosa.

Wiki ya 3: ramani za karatasi na longitudo ya Ferro

Kwa Ulaya tunatumia ramani za Dola ya Ujerumani za skeli 1:100,000, ambazo seti nzima ni karatasi 674. Kwa Afrika Mashariki ni zile za 1:300,000 zilizoandaliwa na Sprigade na Moisel na kuchapwa na Dietrich Reimer wa Berlin.

Karatasi ya 1:300,000 ikiskaniwa kwa dpi 300 (nukta 300 kwa inchi), pikseli moja ni kama mita 25 ardhini. Mstari wa wino wenye unene wa nusu milimita unafunika mita 150. Karatasi iliyosinyaa kwa asilimia 1, na nyingi zimesinyaa, inahamisha alama kwa kilomita 1.5 kutoka ukingo hadi ukingo wa karatasi ya sentimita 50. Ndiyo sababu haifai kutumia pembe nne za karatasi peke yake. Tunaweka kila karatasi pointi 12 za kuioanisha na mahali halisi duniani: nne kwenye pembe za gridi, zilizobaki ndani, kwenye makutano ya longitudo na latitudo yaliyochapwa. Makutano ya mito hatuyatumii, kwa sababu mito huhama.

Karatasi za Ulaya hazihesabu longitudo kuanzia Greenwich. Zinaanzia Ferro, kisiwa cha magharibi kabisa katika visiwa vya Kanari, kilicho 17°40′ magharibi ya Greenwich. Toa 17°40′ kwenye kila longitudo kabla ya kuiingiza. Strasbourg imeandikwa karibu na 25°25′, na baada ya kutoa inakuwa 7°45′, mahali pake halisi. Ukisahau, Strasbourg inaangukia magharibi mwa Ukraine, zaidi ya kilomita 1,300 kutoka ilipo. Kosa kubwa kiasi hicho halina madhara kwa sababu kila mtu analiona. Linaloumiza ni dogo: wengine huhesabu Ferro kuwa digrii 20 kamili magharibi ya Paris, na hapo tofauti na Greenwich ni 17°39′46″. Sekunde 14 hizo, kwa latitudo ya Strasbourg, ni karibu mita 290. Mpaka unasogea mashamba mawili matatu na hakuna anayegundua.

Namna ya kugeuza karatasi iliyoskaniwa ili ikae mahali pake halisi nayo ina lake. Polinomia ya daraja la 1 inahitaji angalau pointi 3, ya daraja la 2 angalau 6. Ile iitwayo Thin Plate Spline inavutia kwa sababu inaonyesha kosa sifuri kwenye kila pointi, lakini sifuri hiyo haithibitishi chochote: ramani inalazimishwa kupita kwenye pointi zote, hata ile iliyobofywa vibaya. Utaratibu wetu ni huu: kwanza daraja la 1, angalia pointi ipi ina kosa kubwa kuliko wenzake, irekebishe, rudia hadi kosa lishuke chini ya pikseli 6. Ndipo, ikiwa karatasi imejikunja, tunahamia Thin Plate Spline.

Wiki ya 4: faili lililokula tarehe

Nakala ya data ilihamishwa kwenda muundo wa shapefile ili itumike kwenye kompyuta ya zamani. Muundo huo haukubali jina la safu lenye zaidi ya herufi 10. Safu ya "tarehe_kukaliwa" na safu ya "tarehe_kukabidhiwa" zote zikikatwa zinabaki "tarehe_kuk". Programu ikaipachika moja namba ili zisigongane, na ilipofunguliwa upande wa pili haikujulikana tena ipi ni ya kukaliwa na jeshi na ipi ni ya makabidhiano. Majina kama Klaipėda, Hlučín na Działdowo yaligeuka alama za kuuliza, kwa kuwa usimbaji wa UTF-8 haukuwekwa wakati wa kuhamisha.

Uamuzi: GeoPackage tu, hakuna shapefile. Anayelazimika kuitumia atumie majina mafupi, tar_kal na tar_kab, na achague UTF-8 mwenyewe.

Jambo la pili linahusu lahajedwali. Excel haitambui tarehe za kabla ya 1900. Mkataba wa 1 Novemba 1886 uliogawa eneo la Kilimanjaro na ule wa Heligoland na Zanzibar wa 1 Julai 1890 vinasomwa kama maandishi tu, na ukipanga kwa tarehe vinaangukia chini ya jedwali badala ya juu. Tarehe zote sasa zinaandikwa mwaka-mwezi-siku, 1890-07-01, zikiwa maandishi tangu mwanzo. Kwa mtindo huo zinajipanga zenyewe vizuri.

Wiki ya 5 na 6: Afrika ya Mashariki ya Kijerumani

Sehemu hii imechukua muda kuliko Ulaya nzima, na inastahili. Ramani nyingi za shule zinaonyesha koloni likigeuka Tanganyika kwa mkupuo, na pembeni Rwanda na Burundi zikipakwa rangi ya Ubelgiji. Ukweli una vipande vinne au vitano, kila kimoja na tarehe zake.

Mstari wa nje haukubadilika mwaka 1919. Upande wa Kenya unatoka mdomo wa Mto Umba hadi Ziwa Jipe, unauzunguka Kilimanjaro upande wa kaskazini, kisha unanyooka hadi latitudo 1° kusini kwenye Ziwa Victoria. Mstari mrefu ulionyooka usichorwe kwa vipeo viwili tu. Ongeza kipeo kila kilomita 10, la sivyo projeksheni (namna ya kuibapisha dunia kwenye ramani) ikibadilishwa mstari hautapinda inavyopaswa na utaacha mwanya dhidi ya poligoni ya jirani. Mafia imo, maana iliingia upande wa Wajerumani kwa mkataba wa 1890.

Ndani ya mstari huo, Waingereza na Wabelgiji walikuwa wamekalia kila mmoja alikofika. Jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo liliingia Tabora Septemba 1916. Tabora ikapewa Waingereza mwaka uliofuata, lakini Kigoma na Ujiji zilibaki mikononi mwa Wabelgiji hadi Machi 1921. Anayechora hali ya 1920 na kuipaka Kigoma rangi ya Waingereza amekosea.

Mgawanyo wenyewe ulifanywa na watu wawili, Alfred Milner kwa niaba ya Uingereza na Pierre Orts kwa niaba ya Ubelgiji, katika makubaliano ya 30 Mei 1919, mwezi mmoja kabla Ujerumani haijatia saini Versailles. Ubelgiji ikapata Rwanda na Burundi, ila ukanda wa mashariki mwa Rwanda, nchi ya Gisaka, ulimegwa na kutiwa upande wa Uingereza. Sababu ilikuwa reli: Waingereza walitaka njia ya kupitisha reli ya kutoka Cape hadi Cairo magharibi ya Ziwa Victoria, na bonde la Kagera lilionekana kufaa. Mwami (mfalme wa Rwanda) Yuhi Musinga alipoteza sehemu ya nchi yake kwa ajili ya reli ambayo haikujengwa. Yeye na wamisionari wakalalamika, Ubelgiji nayo ikalibeba jambo hilo, na kufikia mwanzo wa 1924 Gisaka ikawa imerudishwa. Mpaka ukahamia Mto Kagera.

Bugufi haikurudi. Ilikuwa sehemu ya ufalme wa Burundi, ikabaki Tanganyika, na leo iko wilaya ya Ngara. Kwenye ramani nyingi haipo kabisa. Kwetu ni poligoni inayojitegemea, yenye jina lake.

Kiufundi, Gisaka imetulazimisha kubadili namna ya kuchora. Ukichora Rwanda na Tanganyika kama poligoni mbili zilizochorwa kila moja peke yake, mpaka wa pamoja unachorwa mara mbili na hauwezi kulingana. Kunabaki vipande vyembamba kama nyuzi, vingine vikiwa mwanya, vingine vikipandana. Sasa kila mstari wa mpaka unachorwa mara moja tu kwenye tabaka la mistari, unapewa tarehe ya kuanza na ya kuisha, na poligoni zinazalishwa kutoka kwenye mistari hiyo kwa kifaa cha Polygonize. Mstari wa Milner na Orts unaanza 1919 na kuisha mwisho wa 1923. Mstari wa Kagera unaanzia hapo. Ukitaka ramani ya 1921 unachuja mistari iliyokuwa hai mwaka huo, poligoni zinajizalisha zenyewe.

Kionga iko pembe ya kusini kabisa, ng'ambo ya Rovuma. Wajerumani waliichukua 1894 wakidai kwamba haki ya Wareno pwani inaishia latitudo 10°40′ kusini. Pembetatu hiyo ina mto upande mmoja, bahari upande wa pili na mstari wa 10°40′ upande wa tatu. Wareno waliikalia Aprili 1916 na wakaidhinishiwa 1919. Tofauti na Tanganyika na Ruanda-Urundi, Kionga haikuwa chini ya Shirikisho la Mataifa hata siku moja. Iliingizwa Msumbiji moja kwa moja kama ardhi ya Ureno. Nayo ina rangi yake, ingawa kwenye skeli ya ramani ni kama punje ya mchele.

Usichore Rovuma kwa kufuata picha ya setilaiti ya leo. Mto huo una mchanga mwingi, visiwa vyake huzaliwa na kufa, na karibu na mdomo mkondo wa leo hauko ulipokuwa mwaka 1914. Fuata karatasi ya zamani kwa mpaka wa zamani.

Mwisho, sehemu za bandari zilizoitwa Belbase, Dar es Salaam na Kigoma. Kwa makubaliano ya 15 Machi 1921 Uingereza iliipangisha Ubelgiji maeneo hayo kwa faranga 1 kwa mwaka, bila ukomo. Si ardhi iliyohamishwa, ni upangaji, kwa hiyo zinaonyeshwa kwa alama ya nukta. Tumeziweka kwa sababu zinaeleza Ubelgiji ilipata nini badala ya kubaki na Kigoma: njia ya kwenda baharini kupitia Reli ya Kati, ambayo Wajerumani waliifikisha Kigoma mwaka 1914, miezi michache kabla ya vita.

Wiki ya 7: safu tatu za tarehe hazitoshi

Mpango wa awali ulikuwa na safu tatu: tarehe ya kukaliwa na jeshi, tarehe ya kisheria na tarehe ya makabidhiano. Umevunjika.

Alsace-Lorraine ndiyo iliyoanza kuuvunja. Mkataba uliowarudishia Wafaransa jimbo hilo ulitiwa saini Juni 1919, lakini ibara ya 51 inasema mamlaka yanahesabiwa kuanzia 11 Novemba 1918, siku ya kusitisha mapigano. Tarehe ya kisheria ipi basi? Tanganyika ikazidisha: 10 Januari 1920 Ujerumani inapoteza haki, 22 Julai 1920 amri ya mfalme wa Uingereza inaunda serikali, 20 Julai 1922 Shirikisho la Mataifa linathibitisha masharti. Zote tatu ni za kisheria na zote ni sahihi.

Sasa kuna jedwali la pili, la matukio, lililounganishwa na jedwali la maeneo kwa namba ya utambulisho. Eneo moja linaweza kuwa na matukio mengi kadiri inavyohitajika. Kila tukio lina tarehe, aina (kukaliwa, saini, kuanza kutumika, kura, uamuzi wa mpaka, makabidhiano, kurudishwa) na ibara ya mkataba inapokuwepo. Memel ina rekodi tano, Hlučín mbili. Kiautschou huko Shandong ilitekwa na Japani 1914, Japani ikapewa haki kwa ibara ya 156, China ikakataa kutia saini mkataba kwa sababu hiyo, na Desemba 1922 ikarudishiwa. Historia hiyo haiwezi kubanwa kwenye seli moja.

Kamerun nayo ilihitaji hili. Ujerumani ilikuwa imepata kutoka Ufaransa, kwa mkataba wa 4 Novemba 1911, karibu kilomita za mraba 295,000 zilizoitwa Neukamerun. Ibara ya 125 ilifuta mkataba huo, na ardhi ikarudi Afrika ya Ikweta ya Kifaransa bila kupitia Shirikisho la Mataifa. Anayechora Kamerun ya udhamini (iliyotawaliwa kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa) kwa mipaka ya 1914 anaipa Ufaransa eneo hilo mara mbili.

Wiki ya 8: safu ya kura

Schleswig: Kanda ya 1 ilipiga kura 10 Februari 1920, karibu asilimia 75 wakachagua Denmark. Kanda ya 2 ilipiga 14 Machi, asilimia 80 wakachagua Ujerumani. Kanda ya 1 ilihesabiwa kama donge moja, kwa hiyo mji wa Tønder, ambao wengi wake walichagua Ujerumani, ulikwenda Denmark. Katika jedwali lazima kuwe na safu ya "namna_ya_kuhesabu", kwa sababu ndiyo iliyoamua.

Silesia ya Juu ilihesabiwa kijiji kwa kijiji. Kura ya 20 Machi 1921 ilitoa karibu asilimia 60 kwa Ujerumani na 40 kwa Polandi, uasi wa tatu wa Wapolandi ukafuata Mei, na suala likapelekwa Shirikisho la Mataifa. Mstari wa Oktoba 1921 uliipa Polandi kama theluthi ya ardhi, lakini katika theluthi hiyo ndimo ilimokuwa migodi na viwanda vingi. Kosa la kawaida ni kupaka jimbo zima rangi moja kwa kufuata jumla ya kura.

Allenstein na Marienwerder, 11 Julai 1920, zilibaki Ujerumani kwa zaidi ya asilimia 90 kila moja, isipokuwa vijiji vichache. Eupen na Malmedy haikuwa na kura ya siri. Aliyepinga alitakiwa ajiandikishe hadharani mbele ya maofisa wa Ubelgiji, na waliothubutu walikuwa 271 kati ya watu zaidi ya 33,000 wenye haki. Tumeiandika "orodha ya wazi", hatukuiita kura.

Ukishuka hadi rekodi za makoloni, safu ya kura ni tupu kutoka juu hadi chini. Alsace-Lorraine na Posen nazo ni tupu, na hilo lisifichwe. Lakini Ulaya kulikuwa na mahali watu waliulizwa. Afrika na Pasifiki, katika mgawanyo wa 1919, hakuna hata mahali pamoja. Kura zilikuja baadaye kabisa: Togo ya Waingereza 1956, Kamerun ya Waingereza Februari 1961, ambako kaskazini ilikwenda Nigeria na kusini ikaungana na Kamerun. Pendekezo la kuficha seli tupu ili ramani isomeke vizuri limekataliwa. Dirisha la maelezo litaandika "Wakazi hawakuulizwa" kwa kila eneo linalohusika, la Ulaya na la nje.

Wiki ya 9: projeksheni na ukubwa

Ramani ya majaribio ilikuwa kwenye Mercator ya wavuti, ile yenye namba EPSG:3857 katika orodha ya projeksheni, kwa kuwa ndiyo inayokuja na ramani za mandharinyuma. Kwenye latitudo ya Posen inavimbisha eneo mara 2.7. Kwenye latitudo ya Dar es Salaam inaongeza asilimia 1 na nusu tu. Posen ya 26,000 inaonekana kama 70,000. Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, ambayo kwa kweli ni kubwa mara 38 kuliko Posen, inaonekana kuizidi mara 14 tu. Kwa mradi huu kosa hilo halivumiliki. Tumehamia Equal Earth, EPSG:8857, ambayo inalinda ukubwa.

Kuhusu kupima: katika QGIS, `$area` inafuata elipsoidi (umbo la dunia la kihesabu) iliyowekwa kwenye mradi, lakini `area(@geometry)` inapima bapa kwa vipimo vya tabaka lenyewe. Tabaka likiwa katika EPSG:4326, yaani longitudo na latitudo kwa digrii, jibu linakuja kwa digrii za mraba. Afrika ya Mashariki ya Kijerumani ilitoka "81". Ukiona namba ndogo namna hiyo, usitafute kosa kwenye mpaka, angalia fomula.

Jumla ya Ulaya sasa iko ndani ya asilimia 1 ya 70,600. Kitu kimoja hakionekani kabisa: reli ya Vennbahn, ambayo tuta lake lilipewa Ubelgiji ingawa linapita katika ardhi ya Ujerumani, na hivyo kutenga vipande vya Ujerumani ambavyo hadi leo ni vitano. Upana wake ni wa tuta la reli, karibu sawa na pikseli moja ya karatasi ya 1:100,000. Umechorwa kama mstari mnene, na ramani ndogo ya pembeni kwa skeli ya 1:50,000 inauonyesha kwa karibu.

Wiki ya 10: majina

Kila eneo lina jina la wakati wa Wajerumani na jina la leo: Bismarckburg ni Kasanga, Wilhelmstal ni Lushoto, Neu-Langenburg ni Tukuyu, Sphinxhafen ni Liuli, Wiedhafen ni Manda. Mengi ya majina haya mapya yalikuwepo kabla ya Wajerumani kuyafunika. Kwa hiyo vichwa vya safu havisemi "jina la zamani" na "jina jipya", vinasema "jina la Kijerumani" na "jina la wenyeji".

Neno "udhamini" limetuponza. Kwa Kiswahili tunalitumia kwa mambo mawili: utawala chini ya Shirikisho la Mataifa (kwa Tanganyika tangu 1922) na ule chini ya Umoja wa Mataifa (kwa Tanganyika tangu 1946). Masharti yake hayakuwa sawa, na ule wa pili ulitaja wazi lengo la kujitawala au uhuru. Alama za ramani zinaandika kwa kirefu kila mara, hata pale nafasi inapobana. Ufupisho haukubaliki hapa.

Wiki ya 11: rekodi isiyo na poligoni

Ibara ya 246 inaitaka Ujerumani, ndani ya miezi sita tangu mkataba kuanza kutumika, ikabidhi serikali ya Uingereza fuvu la Mtwa Mkwawa wa Wahehe lililochukuliwa kutoka Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Si ardhi, kwa hiyo halikuwa na mahali kwenye jedwali la maeneo, na kulikuwa na rai ya kuliacha. Limewekwa kwenye jedwali la matukio, na nukta yake ni Kalenga, Iringa. Tarehe ya mwisho ya kutekeleza: 1920-07-10. Tarehe ya kutekelezwa: 1954-06-19, gavana Edward Twining alipolikabidhi Kalenga baada ya kulipata Bremen. Pengo ni karibu miaka 34, kubwa kuliko la ibara nyingine yoyote tuliyoiingiza.

Yaliyobaki ni haya. Mstari wa Togo wa 10 Julai 1919 unasubiri karatasi mbili za kaskazini, ambako uliwaunganisha Wadagomba chini ya Waingereza, kabla ya kushuka kusini na kuwagawa Waewe. Visiwa vya Pasifiki kaskazini ya ikweta, vilivyokwenda Japani, vina nukta bila poligoni. Mpaka wa Ziwa Nyasa, unaobishaniwa na Tanzania na Malawi, umechorwa kwa mstari wa nukta ukingoni mwa mashariki na mwingine katikati ya ziwa, yote miwili ikiwa na rangi ya kijivu, na itabaki hivyo.